Wadada Watatu wa Dar

Kamati ya harusi ya shemeji yangu ilinipa ukatibu kwa sababu moja tu: nina kompyuta. Ni ya mtumba, ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini ina Excel, na huku kwetu Pasua mtu mwenye Excel anaitwa mtaalamu.

Jumapili ile kikao kilikuwa kwangu, saa kumi alasiri. Kwa kutaka sifa nikachukua waya wa HDMI, nikaunganisha kompyuta na TV ya sebuleni ili wajumbe waone michango kwa macho yao. Mwenyekiti, mzee wa kanisa mstaafu, alikaa kwenye kochi la peke yake. Mweka hazina alikuwa na kauntabuku lake magotini, maana haamini kitu kisichoandikwa kwa kalamu. Na mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Kibosho, kikombe cha chai mkononi, miwani ameisahau nyumbani.

Nikaanza kusoma kwa madaha. "Mjomba wa Himo, ahadi laki tatu, taslimu bado." Wajumbe wakaguna. "Baba mdogo wa Sanya Juu, ahadi laki na nusu, taslimu elfu ishirini." Wakaguna zaidi. Nilikuwa ndo nafika kwa watu wa Kiboriloni.

Ting!

Kwenye kona ya chini, upande wa kulia, kikaibuka kiboksi chenye picha ya dada fulani aliyevaa kama vile joto la Moshi limemzidi. Kwenye inchi 43 hiyo kona si ndogo.

"Mkwe," mama akasema, "hapo pameandikwaje? Sioni vizuri."

Mimi kimya. Mwenyekiti akaanza kukagua dari. Binti yangu wa darasa la tatu, ambaye wiki hiyo alisifiwa shuleni kwa kusoma kwa sauti, akasimama.

"Wanawake 3 moto katika Dar es Salaam ni kusubiri kwa ajili ya wewe. Bonyeza."

Alisoma vizuri, hata nukta aliiheshimu.

"Jamani!" Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Wameungua? Wote watatu?"

Mweka hazina akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya. "Hao wa Dar ni upande gani wa familia? Na ahadi yao shilingi ngapi?"

Nikachomoa waya. TV ikaandika kwamba hakuna mawimbi, na kwa kweli sebuleni pia hayakuwepo.

Mke wangu hakusema kitu mbele ya wageni. Alisubiri waondoke, akaosha vikombe kimoja kimoja, akavifuta, akavipanga. Nawaambia wanaume wenzangu, bora sahani irushwe.

"Mwezi wa nane ulienda Dar."

"Nilifuata gia boksi Kariakoo."

"Gia boksi."

"Ndiyo, gia boksi."

"Siku nne."

Hakuna binadamu anayeonekana mwongo kama mwanaume anayetaja gia boksi kwa mara ya tatu, kwa hiyo nikanyamaza. Halafu, Mungu anisamehe, nikamtupia mtoto. "Itakuwa huyu na magemu yake." Mtoto akapigwa marufuku kugusa kompyuta.

Kesho yake nikaenda kwa fundi mjini. Hata hakuniuliza dalili. "Tunapiga Windows upya, elfu thelathini." Huyo fundi hata ukimpelekea pasi atapiga Windows. Picha zetu zote zimo humo, ya kipaimara, ya mazishi ya baba, nikamwambia nitarudi.

Jioni nikampigia mpwa wangu anayesoma chuo Arusha, nikamweleza kwamba kila nikifungua brauza unakuja ukurasa wa kutafutia nisioujua, una kioo cha kukuzia katikati, na kila nikitafuta kitu ninaletewa matangazo.

"Mjomba, hicho si kirusi cha kula mafaili. Hicho kinateka brauza. Ni kama mpiga debe wa stendi, unamwambia unaenda Arusha, anakubebea begi mpaka kwenye basi la Tanga, mwenye basi anamlipa. Ulidownload kitu cha bure karibuni?"

"Mimi? Hapana."

Akanielekeza kwenye orodha ya programu, niipange kwa tarehe. Zilikuwepo tatu nisizozijua, zote zimeingia siku moja, kama ndugu waliosafiri pamoja. Nikaziondoa. Moja ikaniuliza kama nina uhakika, ikaniuliza tena, halafu ikaweka sura ya kulia. Nikaenda kwenye viendelezi vya brauza, yaani viprogramu vidogo vinavyopachikwa ndani yake, nikakuta kimoja kimekaa kama mwenye nyumba, na kitufe cha kukiondoa kimefifia, hakibonyezeki. Juu yake imeandikwa kwamba kivinjari chako, yaani brauza, kinasimamiwa na shirika lako.

"Shirika gani?" nikasema kwa sauti. Kosa.

"Eeh," mke wangu akajibu kutoka jikoni, "kumbe na shirika unalo."

Mpwa akasema hiyo ni sera, kirusi kimeiandika ndani ya Windows ili brauza idhani ni ya kampuni na bosi kakataza kiendelezi kisitolewe. Akaniambia nibofye kitufe cha kulia cha kipanya kwenye alama ya Chrome, ambayo ndiyo brauza yangu, pale kwenye skrini ya mwanzo, niangalie inafungua nini. Kweli, nyuma ya "chrome.exe" palikuwa na anwani ya tovuti imening'inia kama mkia. Ina maana kila nikifungua Chrome nilikuwa naifungua pamoja na huo mkia. Nikaukata. Nikazima, nikawasha. Mkia umeota tena.

"Kuna kazi imepangwa mahali, inaamka kila ukiwasha na kurudisha kila kitu," akasema. "Usihangaike kwa mkono. Tafuta AdwCleaner, programu ya kusafisha uchafu kama huu, ni ya kampuni ya Malwarebytes, ni bure, wala haiinstoliwi. Ichukue kwenye tovuti yao wenyewe."

Sasa hapa ndugu msomaji naomba usinicheke. Nikaitafuta kwa kutumia brauza ileile iliyotekwa. Mpiga debe kanishika mkono. Ukaja ukurasa mzuri, una kitufe cha kijani kikubwa kama mlango wa geti. Nikabonyeza. Neksti, neksti, ai agrii, neksti. Kompyuta ikatulia kidogo, kisha ukaja ukurasa mpya wa kutafutia, tofauti na ule wa kwanza. Sasa nilikuwa na watekaji wawili, wananigombania.

Nikampigia tena. Kwenye simu palikuwa kimya, halafu nikasikia pumzi.

"Mjomba, umebonyeza kitufe kikubwa?"

"Kilikuwa cha kijani."

Safari hii akanifanya niandike anwani ya Malwarebytes herufi kwa herufi kwenye simu, nishushe faili humo, nilihamishe kwa waya. Kuna swichi ya kufuta zile sera za Chrome, akaniambia niiwashe. Nikaanza kusaka. Mstari ukawa unasogea, vitu tisa, ishirini na mbili, thelathini na saba... giza. Luku imeisha. Nilinunua umeme wa elfu tano nikiwa nimesimama uani na tochi, naingiza tarakimu ishirini huku mbwa wa jirani ananibwekea kama vile na yeye alikuwepo kikaoni.

Mara ya pili ikafika mwisho. Vitu hamsini na moja. Nikafuta vyote, ikajizima na kuwaka. Mkia hakuna. Shirika limevunjwa. Nikamwita mke wangu aje aone ushindi, akaja, akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

Ting!

Walewale watatu.

Niliweka simu kwenye spika maana sikuwa na nguvu ya kujitetea. "Hizo ni arifa," mpwa akasema. "Hizo siyo kirusi, uliziruhusu mwenyewe. Kuna tovuti ilikwambia ubonyeze Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti?"

"Anti yako anasikiliza," nikasema.

"Ingia mipangilio, faragha, mipangilio ya tovuti, arifa." Zilikuwepo tovuti nne zenye ruhusa yangu. Nikazifuta.

"Na Dar?" mke wangu akaingilia. "Wanajuaje habari za Dar?"

"Anti, tangazo linaangalia anwani ya intaneti. Mnatumia hotspoti ya simu, na laini za simu mara nyingi zinaonekana zimetokea Dar hata mtu akiwa Rombo. Angalia kwenye simu yako."

Akafuta mikono yenye utomvu wa ndizi za mtori, akachukua simu yake, akafungua tovuti ya kuonyesha anwani kama alivyoelekezwa. Dar es Salaam. Akaipeleka uani, akasogea hadi getini. Dar es Salaam.

"Na wewe ulifuata gia boksi?" nikamuuliza.

Hakucheka. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua orodha ya vitu vilivyoshushwa, jambo ambalo mimi mtaalamu sikulifikiria. Programu ya bure ya kubadilisha PDF, Jumatano, saa 23:41. Mtoto wetu saa mbili na nusu anakuwa amelala. Mimi saa tano usiku nilikuwa macho, nahangaika na orodha ya wageni niitoe kwenye PDF niiingize Excel. Akainyoosha skrini vizuri, nisome mwenyewe. Binti akalipwa fidia ya chipsi mayai na soda, na soda akachagua ya chupa kubwa.

Kikao kilichofuata nilisoma kutoka kwenye karatasi. Tulipofika kwenye sahani za chakula mwenyekiti akauliza idadi, nikasema mia mbili na kumi. Mweka hazina akainua kidole, akafungua kauntabuku.

"Mia mbili na kumi na tatu," akasema. "Kuna wale wa Dar. Ahadi hawajataja, lakini wanasubiri."