Foleni za Kazi kwenye Ruby: Thredi Zinalaumiwa Kupita Kiasi

"Ruby haina thredi za kweli." Mwanaprogramu anayeanza kutumia Ruby, lugha ya kuandikia programu, huisikia kauli hii kabla hajaandika thredi yake ya kwanza (thredi ni mkondo wa utekelezaji unaoshirikiana memori na mingine ndani ya programu moja), na wengi hubaki nayo mpaka siku wanapofanya maamuzi makubwa. Kazi za nyuma ya pazia, kama kutuma SMS, zikirundikana kwenye foleni wanaongeza prosesi, yaani nakala nzima za programu, kila moja na memori yake. Memori ikijaa wanakodi seva kubwa zaidi. Kauli yenyewe ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inastahili kuheshimiwa. Lakini inapotumika kukataa thredi kwenye kazi za foleni, inawatoza watu fedha bila sababu, na wanaoumia zaidi ni wale wanaolipia seva kwa dola huku mapato yao yakiingia kwa shilingi.

Nusu iliyo kweli ni hii. Ruby ya kawaida, ile iliyoandikwa kwa C, ina kufuli moja linalojulikana kama GVL (Global VM Lock), na ni thredi iliyolishika tu inayoweza kutekeleza msimbo wa Ruby. Tangu toleo la 1.9 kila thredi ya Ruby ni thredi halisi ya mfumo endeshi, ila zote zinapokezana kufuli hilo. Seva yenye kori 8, yaani viini 8 vya prosesa, ikipewa prosesi moja inayokokotoa kwa thredi 8, itatumia kori moja. Hapo hakuna mjadala.

Kinachosahaulika ni kwamba kufuli huachiwa thredi inapoanza kusubiri. Ombi la HTTP likishatumwa, swali likishafika kwenye kanzidata ya PostgreSQL, `sleep` ikianza, thredi inaliachia na nyingine inalidaka. Ni sawa na mafundi watano wenye cherehani moja: mmoja anampima mteja, mwingine anasubiri kitambaa kiletwe, wa tatu anashona. Cha kuuliza ni kila nguo inakaa kwenye cherehani muda gani.

Na kazi za foleni, kwa tabia yake, hukaa muda mfupi. Chukua kazi ya kumtumia mteja risiti ya malipo kwa SMS: inasoma oda kwenye kanzidata, inaunda ujumbe, inauita mtambo wa kutuma, inasubiri jibu, inaandika matokeo. Tuseme yote ni milisekunde 100, na kati ya hizo 20 tu ndizo za msimbo wa Ruby. Thredi moja itamaliza kazi 10 kwa sekunde. Kufuli lina milisekunde 1,000 za kugawa kila sekunde, na kila kazi inahitaji 20, kwa hiyo dari ya prosesi moja ni kazi 50. Thredi 5 zinaikaribia dari hiyo. Ya kumi haina faida ya kutajwa.

Sasa mtambo wa SMS upunguze kasi, kama ambavyo hutokea jioni ya mwisho wa mwezi, na jibu lianze kuchukua sekunde 2. Msimbo wa Ruby haujabadilika, bado ni milisekunde 20. Thredi moja sasa inamaliza kazi moja kila baada ya sekunde 2. Dari ya kufuli bado ni 50, lakini kuifikia kunahitaji kazi 100 zinazosubiri kwa pamoja. Anayeogopa thredi atahitaji prosesi 100. Programu ya ukubwa wa kati ya Rails, mfumo wa Ruby wa kujengea tovuti, ikila megabaiti 200 kwa kila prosesi, hizo ni gigabaiti 20 za memori kwa ajili ya kusubiri SMS. Kushirikiana memori baada ya prosesi mama kuzaa watoto kutapunguza mzigo, lakini hautaisha. Mwenye thredi ataanzisha prosesi 4 zenye thredi 25 kila moja. Kila prosesi itashika kufuli lake kwa takriban robo ya muda tu, na kazi 50 kwa sekunde zitapita.

Hesabu hii naing'ang'ania kwa sababu watu wengi hubishana kuhusu kufuli bila kuifanya. Na kwetu inazidi kuzielemea prosesi. Seva iliyoko Dar es Salaam ikizungumza na huduma iliyowekwa Ulaya, kila safari ya kwenda na kurudi inarefusha kusubiri bila kuongeza hata milisekunde moja ya Ruby. Kadiri huduma unazozitegemea zilivyo mbali, ndivyo kufuli linavyozidi kukaa bila mtu.

Tofauti hii ndiyo iliyozigawa zana mbili maarufu. Resque, iliyotoka GitHub mwaka 2009, huzaa prosesi mpya kwa kila kazi. Sidekiq ya Mike Perham, iliyofuata mwaka 2012, ilijengwa juu ya thredi tangu mwanzo, na hoja yake kubwa ilikuwa memori: prosesi moja ifanye kazi iliyohitaji prosesi nyingi.

Wapinzani wa thredi wana ushahidi wanaoupenda, na ni ushahidi mzuri. Sidekiq ilianza na thredi 25 kama chaguo-msingi, ikashusha hadi 10, kisha 5. Rails 7.2, mwaka 2024, ilishusha thredi za Puma, seva inayojibu maombi ya tovuti, kutoka 5 hadi 3. Wanasema hata watengenezaji wa zana hizo wamerudi nyuma. Mimi sioni hivyo. Namba hizo zimewekewa programu ya wastani, isiyopimwa na mtu, na programu nyingi za Rails zina Ruby nyingi kuliko wenyewe wanavyodhani. Kazi ikiwa na milisekunde 50 za Ruby kati ya 100, dari ni kazi 20 kwa sekunde na thredi 2 zinaijaza. Kati ya zile 25 za mwanzo, 23 zilizobaki zitakuwa zinagombea kufuli tu. Namba kubwa kwa kila mtu lilikuwa kosa, na kuishusha ni busara. Hilo halimzuii mwenye kazi za kusubiri kupandisha yake.

Isitoshe Puma na foleni ni mambo mawili. Ruby humwachia mwenye kufuli milisekunde 100 kabla ya kumlazimisha apishe. Thredi inayopanga ripoti nzito ikilishika, jirani yake ambaye jibu lake la kanzidata lilirudi ndani ya milisekunde 1 anaweza kusubiri nyingine 100 ili aendelee. Mbele ya mtu anayetazama skrini hiyo ni adha kubwa, na Rails walikuwa na haki ya kuijali. Risiti ya SMS ikichelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, hakuna atakayejua.

Upande wa prosesi una hoja moja ambayo siwezi kuipunguza: utengano. Maktaba ya C ikianguka, inaondoka na prosesi nzima, na kazi zote 25 zilizokuwa njiani zinakatika pamoja. Prosesi ya Resque inayovujisha memori hufa na uchafu wake kazi inapoisha. Ya thredi hubaki hai na kuvimba. Kuvimba huko huzidishwa na glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, ambayo kwenye mashine za biti 64 huruhusu maeneo ya memori hadi mara 8 ya idadi ya kori ili thredi zisigombanie sehemu moja. Kuweka kikomo cha maeneo hayo kwa `MALLOC_ARENA_MAX=2` au kuhamia jemalloc, mgawaji mwingine wa memori, kwa kawaida hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa, lakini lazima mtu ajue kwamba dawa hiyo ipo. Kwa kazi zinazotegemea maktaba ya zamani usiyoiamini, ningechagua prosesi bila kusita.

Hoja ya pili, kwamba thredi huharibu data, inahitaji kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa. Mfano unaotolewa sana ni kazi mbili zinazosoma salio moja, kila moja ikajumlisha na kuandika, na jumla moja ikapotea. Hilo hutokea. Lakini salio liko kwenye kanzidata, na prosesi mbili zitalipoteza vilevile, hata zikiwa kwenye seva mbili tofauti. Tiba ni kuifunga rekodi hiyo ndani ya kanzidata, na unaihitaji kwa vyovyote. Kosa la thredi peke yake ni lile la vitu vinavyoshirikiwa ndani ya memori: kigeu cha darasa, muunganisho mmoja unaotumiwa na wote, orodha ya jumla inayojazwa kila upande. Hivyo vinatafutika kwenye msimbo, na kwa kawaida ni vichache.

Hata kuandika thredi kwa mkono si mtego kama zamani. Kabla ya Ruby 2.5 ya mwaka 2017, thredi iliyokutana na kosa ilikufa kimyakimya mpaka mtu aiite kwa `join`, na naamini sehemu ya sifa mbaya ilitoka huko. Leo kosa huchapishwa papo hapo. Darasa la `Queue` lina usalama wake wa ndani: thredi kadhaa zinavuta kwa `pop`, mzalishaji akimaliza anaita `close`, na kila thredi ikipata `nil` inaondoka. Anayeuliza kwanza kama foleni ni tupu halafu ndipo avute atakwama siku moja, kwa kuwa mwenzake anaweza kuchukua kazi ya mwisho katikati ya maswali hayo mawili. Kazi zikiwa nyingi kuliko memori, `SizedQueue` humsimamisha mzalishaji mpaka nafasi ipatikane.

Kazi ambazo kweli ni za Ruby tupu, kama kuchambua faili kubwa la CSV mstari kwa mstari, ziende kwenye foleni yake, kwa prosesi zenye thredi 1 au 2, idadi ya prosesi ikilingana na kori. Ractor, iliyokuja na Ruby 3.0 mwaka 2020, inaahidi usambamba bila prosesi za ziada, ila ilitolewa kama jaribio na maktaba nyingi hazikuandikwa kwa ajili yake. JRuby, Ruby inayoendeshwa juu ya Java, haina kufuli hilo kabisa, kwa anayekubali kuhamia Java. Angalia pia usikosee ni ipi kazi nzito: MiniMagick hupunguza picha kwa kuita programu ya nje, kwa hiyo Ruby inasubiri tu, na thredi 4 zinaweza kutumia kori 4.

Jambo moja huwapata wa pande zote: kila thredi inayogusa kanzidata inataka muunganisho wake, na PostgreSQL huruhusu 100 kama haijabadilishwa. Prosesi 8 za thredi 25 ni 200. Kabla ya kupandisha namba yoyote, pima kazi yako kwa vipima-muda viwili ambavyo Ruby inavyo tayari, `CLOCK_THREAD_CPUTIME_ID` kwa muda wa prosesa na `CLOCK_MONOTONIC` kwa muda wote. Gawa muda wote kwa muda wa prosesa. Jibu likiwa 2, wanaotetea prosesi wako sahihi kwa kazi hiyo. Likiwa 20 au 100, kuikataa thredi ni kulipia memori ambayo hakuna kazi inayoihitaji.