Nangoja Basi, Sina Njaa

Barabara ya katikati ya mji imefungwa tena, kwa muda tu, ili migahawa ipange meza nje na wateja wale huku wakipunga upepo. Sina ugomvi na upepo. Ugomvi wangu ni kwamba tangu Ijumaa jioni mtu asiye na njaa hana pa kuweka mguu.

Nilipofika kituoni nilikuta kibao cha basi kiko palepale, ila chini yake palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, viti viwili na mshumaa. Kwa kuwa tabia za basi letu mnazijua, nilivuta kiti nikakaa kungoja. Kabla sijatulia akanijia mhudumu, kijana nadhifu mwenye tai ya kipepeo na daftari kwapani.

“Karibu sana, mzee. Uliweka nafasi?”

“Nangoja basi, mwanangu.”

Akafungua daftari, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. “Samahani, mzee, jina hilo silioni.”

Kwa utulivu unaolingana na umri wangu nilimweleza kwamba hapo tulipo ni kituo cha usafiri wa umma, na kwamba mimi, raia na mlipa kodi, nina haki ya kusimama hapo na hata kukaa nikikuta kiti. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akaniuliza kama ningependa kuanza na kinywaji. Nikamwonyesha kibao kilichokuwa juu ya kichwa chake. Akakitazama, akatabasamu, akasema wateja wengi wamelisifia pambo hilo. Pambo! Nikaomba kuonana na msimamizi.

Msimamizi alipokuja alisema kila kitu kina kibali, na kibali chenyewe kipo, kisha akaninyooshea kidole chini. Tangazo la wakubwa wa jiji lilikuwa limekunjwa mara nne na kupachikwa chini ya mguu mfupi wa meza ili meza isiyumbe. Nikapiga magoti, heshima yangu yote mfukoni, nikasoma. Maneno “barabara imefungwa” yalionekana vizuri. Tarehe ya kufunguliwa ilikuwa ndani ya mkunjo, na hakuna aliyekubali kuichomoa karatasi kwa kuhofia mshumaa usianguke. Nilipoinuka, wenye nafasi yao walikuwa wamekwisha kufika, mtu na mchumba wake, wakinitazama kama mwizi aliyekutwa chumbani. Basi lenyewe, niliambiwa baadaye, siku hizi linasimama barabara ya nyuma, na tangazo la kuhama kituo limebandikwa kwenye kituo kipya.

Mwenye duka la viatu hana tena mlango, ana mwavuli. Mama mwenye kigari cha mtoto aliombwa azunguke, akazunguka, akakutana na kizuizi kingine.

Mabingwa wa mipango miji wana jibu moja, nalo ni Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Mtaa wa Strøget ulifungiwa magari mwaka 1962 kwa majaribio, wenye maduka wakalia kwamba watafilisika, na leo watu hutoka mbali kwenda kuutembea. Nakubali, ila majaribio hayo yalipofika 1964 yalikuwa ya kudumu. New York nako walifunga sehemu ya Broadway pale Times Square mwaka 2009, kwa majaribio vilevile, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba magari yasahau. Kisha ikaja Korona, na mwaka 2020 miji kama Vilnius, kule Lithuania, ikaipa migahawa viwanja na mitaa. Hiyo naielewa, kwa sababu watu walitakiwa kukaa mbalimbali. Leo hakuna anayekaa mbali na mwenzake; goti la huyu limo mkobani mwa yule.

Tena Strøget walipewa wanaotembea! Nami ningekuwa wa kwanza kupiga makofi kama gari lingeondolewa ili nipite mimi. Hapa limeondolewa gari, kikaletwa kiti, na mwenda kwa miguu amebaki na ukingo wa mfereji. Gari lilinipigia honi, lakini angalau lilikuwa linapita. Je, asiyeona, ambaye fimbo yake hufuata ukingo wa njia, afanye nini fimbo inapogonga ubao wa menyu, kisha chungu cha maua, kisha mguu wa mtu anayekula? Kanuni za zimamoto zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani hutaka njia ya gari lao isipungue futi 20, yaani kama mita 6. Na hapa pia mstari ulichorwa, wa rangi nzuri kabisa. Lakini mtu akishiba husogeza kiti nyuma, mwenzake naye husogeza, na kufikia magharibi mstari uko chini ya meza. Nyumba ikiwaka moto tutawaambia zimamoto waweke nafasi?

Halafu kuna hizo hita za nje, zinazopasha joto mawingu. Ufaransa ilizipiga marufuku kwenye migahawa mwaka 2022, na mimi sioni kwa nini mwenye baridi asiingie ndani. Nimechungulia mwenyewe dirishani. Ndani hamna mtu hata mmoja. Mmejazwa viti, vimepangwa hadi darini, navyo, kwa maelezo ya yule msimamizi, ni vya barabara ya pili.