Wakathari: jina si lao, na ngome nyingi si zao

Gofu la Montségur, kusini mwa Ufaransa, limekaa juu ya jabali, mita 1,207 kutoka usawa wa bahari, na ndilo linalopamba karibu kila kadi ya posta inayowahusu Wakathari, Wakristo wa Zama za Kati ambao Kanisa Katoliki liliwaita wazushi. Mwezi Juni, siku ya mchana mrefu kuliko zote, watu hupanda gizani kungojea miale ya jua ipenye kwenye matundu ya kurushia mishale. Wanaamini waliojenga walikuwa na siri yao na jua. Lakini kuta hizo hazikuwapo. Ngome waliyojifichia wazushi ilisalimu amri Machi 1244, na hii tunayoipiga picha ilijengwa baadaye na ukoo wa Lévis, mabwana wapya waliozawadiwa eneo hilo kwa kupigana upande ulioshinda. Wa kwanza wameacha misingi ya nyumba zao, mistari ya mawe iliyong'ang'ania ukingo wa jabali, ambako wageni wengi hata hawageuki kutazama.

Ukienda Quéribus, Peyrepertuse, Puilaurens, Termes au Aguilar, hadithi ni hiyo hiyo. Vibao vya barabarani vinasema ngome za Wakathari. Kweli, palikuwa na maboma ya mabwana wa kienyeji katika vilele hivyo, na baadhi yalihifadhi wakimbizi. Lakini kinachosimama leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya wafalme wa Ufaransa, walioimarisha mpaka wao na ufalme wa Aragón, hasa baada ya mkataba wa Corbeil wa 1258. Kule Peyrepertuse kuna ngazi iliyochongwa kwenye mwamba wenyewe, upande mmoja ukuta, upande wa pili shimo, na inaitwa ngazi ya Mtakatifu Louis. Louis huyo ndiye mfalme ambaye jeshi lake liliizingira Montségur. Yaani tunamlilia aliyeuawa huku tumeegemea ukuta wa muuaji.

Jina la "Nchi ya Wakathari" lilitangazwa na watu wa utalii wa mkoa wa Aude mwishoni mwa karne ya 20, na sina ugomvi nao. Kijiji kinachoishi kwa mvinyo peke yake kina haki ya kuuza na upepo wake. Ugomvi wenyewe uko kwa wanahistoria, na hapo naona upande mmoja unasomwa vibaya.

Simulizi tuliyoizoea inasema hivi: palikuwa na kanisa kamili la pili, lenye maaskofu wake na imani ya miungu wawili, wa nuru na wa giza, lililotokana na Wabogomili, kundi jingine la wazushi, wa Balkani. Papa Innocent III akatangaza vita vya msalaba dhidi yake, vilivyoanza 1209, kisha Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi, ikamalizia kazi. Peter Biller na wenzake wanaitetea picha hii, angalau mifupa yake. Upande wa pili, akiwamo Mark Gregory Pegg, unasema kanisa hilo lililojipanga vizuri lilitungwa kwa sehemu kubwa na waliolishtaki. Watu husikia hivyo wakadhani wanaambiwa hakuna aliyechomwa moto, kana kwamba kuna mtu anamwosha Papa mikono.

Sivyo. Tuitazame namba moja, ambayo imenikaa kichwani kwa muda mrefu: 5,471. Ndio watu waliohojiwa na mahakimu wawili wa Inkwizisheni, watawa wa shirika la Wadominiko, Bernard de Caux na Jean de Saint-Pierre, katika kanisa la Saint-Sernin mjini Toulouse, kati ya Mei 1245 na Agosti 1246. Vikao vilichukua siku 201. Gawanya: watu 27 kwa siku. Wanaume kuanzia miaka 14, wanawake kuanzia miaka 12, vijiji vizima vimeitwa kupanga foleni. Mtu anajibu kwa Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, karani anaandika Kilatini. Ukitoa muda wa kula na kusali, kila nafsi imebakiwa na dakika chache za kueleza maisha yake. Na haulizwi anaamini nini. Anaulizwa: uliwaona wazushi? Wapi? Ulikuwa na nani? Ulikula mkate wao? Uliwaabudu?

Neno hilo la mwisho ndilo lililowaponza wengi. Watu wa Lauragais, eneo la vijiji hivyo, waliwaita hao walioshtakiwa kuwa wazushi, watawa wa vijijini, *bons omes*, watu wema, na jina hilohilo lilitumika kwa mtu yeyote mwenye heshima zake. Sisi tungesema waungwana. Ukikutana nao ulipiga goti mara tatu, ukaomba baraka, nao wakakuombea kwa Mungu. Mtoto alifundishwa hivyo nyumbani. Karani akaandika: *aliabudu*.

Mswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Wengi husema shikamoo maana yake ni kushika miguu ya mkubwa. Mchukue hakimu mgeni, mwenye orodha yake ya maswali, umkalishe Lamu au Kilwa, umwambie ahesabu kila aliyewahi kusema shikamoo na kila aliyejibu marahaba. Kwa dakika chache za kila mtu, baada ya siku 201 atakuwa na dini kamili, yenye waumini na viongozi, na kila jina limethibitishwa kwa kiapo.

Neno Wakathari, kwa upande wao, halimo katika kumbukumbu hizo za Toulouse. Lilitumiwa na mtawa Mjerumani, Eckbert wa Schönau, mnamo 1163, akiwasema watu wa bonde la Rhine. Kupewa jina na wengine si ajabu, nasi jina letu limetoka kwa Waarabu walioona sawahil huku wenyewe wakijiita Waamu, Wapate, Wamvita. Tofauti ni kwamba letu halikuambatana na kuni.

Upande wa Biller una hoja nzito, na haifai kuzipita kimyakimya. Zipo hati chache zilizotoka kwa wazushi wenyewe: taratibu za ibada yao ya kuwekea mikono, iliyomfanya mtu kuwa mmoja wao kamili, na andiko la Italia la karne ya 13 linalotetea waziwazi asili mbili za ulimwengu. Halafu kuna Montségur yenyewe. Walipopewa nafasi ya kukana, zaidi ya watu 200 walikataa, wakachomwa tarehe 16 Machi 1244. Wengine kama ishirini hivi, wakiwamo askari ambao wangeweza kuondoka salama, waliomba kuwekewa mikono katika siku za mwisho kabisa, wakijua kinachofuata. Mtu haingii motoni kwa ajili ya adabu. Hapa nakiri Pegg na wenzake hunishawishi kidogo tu: kufikia 1244, baada ya miaka thelathini na mitano ya kuwindwa, huenda waungwana wa vijijini walikuwa wamegeuka kuwa lile kanisa walilotuhumiwa nalo.

Ila kama ni hivyo, hesabu ya Papa inazidi kuwa mbaya. Mji wa Béziers ulichinjwa Julai 1209, mwanzoni kabisa. Ile amri maarufu, "waueni wote, Mungu atawajua walio wake", iliandikwa na mtawa wa mbali miaka kadhaa baadaye na pengine haikutamkwa kamwe. Hatuihitaji. Wajumbe wa Papa wenyewe walimwandikia bwana wao kwa fahari kwamba karibu watu 20,000 walipita kwenye upanga bila kujali cheo, umri wala jinsia. Idadi imetiwa chumvi, fahari ni ya kweli. Ukiamini kanisa la siri, waliokufa siku ile walikuwa jeshi la imani nyingine. Ukiliondoa, wanabaki wauza nguo na wake zao, wengi wao Wakatoliki, wameuawa kwa kukataa kuwatoa majirani waliozoea kuwasalimu.

Chini ya Montségur kuna mnara mdogo wa jiwe uliosimamishwa 1960, umeandikwa kwa Kioksitani *Als catars*, kwa Wakathari. Uachwe. Vibao vya Aguilar na Puilaurens ningeviandika upya, ngome za mfalme. Na kule juu, pale watu wanapongojea jua, ningeweka mshale mmoja wa kuwaelekeza nje ya ukuta, kwenye misingi ya nyumba.