Msamaha wa kodi na sisi tunauombea dirisha gani?

Jamani wana Tanga, hivi mtu wa Ngamiani akitaka msamaha wa kodi anaenda wapi? Kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma tunaambiwa tufunge mkanda, sawa, tumefunga mpaka matundu yameisha, halafu mwekezaji wa EPZ (ukanda wa viwanda vya kuuza nje) anapewa miaka 10 halipi kodi ya mapato ya kampuni wakati wenzake wanakatwa asilimia 30. Miaka 10! Mtoto anaanza la kwanza anafika fomu three jamaa bado yuko kwenye ofa.

Sisi je? Nunua umeme wa buku tano usome meseji ya LUKU, VAT asilimia 18, REA ya umeme vijijini 3, EWURA wadhibiti wa nishati 1, na kodi ya jengo juu wakati mwenyewe mpangaji, eti nikamdai mwenye nyumba, nani kamdai mwenye nyumba wake akalala salama? 2021 wakaleta tozo ya miamala, ukawa unamtumia bibi hela ya dawa Pangani na serikali nayo ilikuwa inaonja.

Wanasema mwekezaji akisamehewa ajira zitakuja, haya zije, sikatai. Ila zahanati unaambiwa glovu kanunue nje, hela ya glovu haipo ya kusamehe ipo?? Na mama chapati hapa barabarani naye si kaajiri vijana wawili, mpeni basi hata miezi mitatu!