Paukwa imo au haimo? Kupima alama tunazozitia kwenye ngano

Paukwa! Pakawa! Je, hadithi imeshaanza?

Swali hilo lilitukwamisha kibarazani Kibokoni. Mimi na mwenzangu tulikuwa na ngano moja tuliyoinakili kwa bibi yake, kila mtu na nakala yake, tukitia alama pale hadithi inapoanza na pale mhusika anaposhika usukani akasimulia kisa chake mwenyewe. Mwenzangu aliiacha paukwa nje: huyo ni fanani anaita hadhira tu. Mimi niliitia ndani. Kwani mlango si nyumba?

Ubishi kama huu una kipimo chake. Matini hupewa watu wawili, kila mmoja na kalamu yake bila kuchunguliana, kisha kuafikiana kwao kukahesabiwa. Kipimo cha kappa, cha mwanasaikolojia Jacob Cohen, cha mwaka 1960, huondoa kwanza maafikiano yanayotokea kwa bahati tu: alama zikiwa mbili na zikitumika sawasawa, hata wanaobahatisha wataafikiana nusu ya mara, kwa hiyo asilimia 80 hushuka ikawa kappa ya 0.6. Naupenda ukali huo. Bila huo, kila mwongozo wa kutia alama husifiwa na aliyeuandika.

Ila kappa huzipendelea kanuni nyembamba. Tukiandika kwamba hadithi huanza kwa neno linalofuata pakawa, tutaafikiana moja kwa moja, na ngano tutakuwa hatujaijua zaidi. Au chukua dhima 31, yaani matendo ya wahusika yanayosukuma hadithi, ambazo Vladimir Propp alizichambua katika ngano za Kirusi mwaka 1928. Orodha ni fupi, inahesabika. Mlete Sungura sasa: analaghai, anakula cha mwenziwe, nasi tunacheka tuko upande wake. Alama ya uhalifu tuitie wapi? Wawili wakipishana hapo, msiwalaumu kwa uzembe. Ngano yenyewe imekataa kisanduku.

Mashindano ya SANTA, ya watafiti wanaoandika miongozo ya kutia alama, ambayo mkutano wake ulifanyika Ujerumani mwaka 2018, yaliliona hili. Miongozo hiyo, ya kutia alama ngazi za usimulizi, yaani hadithi ndani ya hadithi, haikupimwa kwa maafikiano peke yake. Iliulizwa pia imeibeba nadharia kiasi gani, na alama zake zinamfaa nini msomaji. Ni kazi ngumu zaidi, na majaji nao hubishana, lakini mizani hiyo naiamini kuliko namba moja.

Nakala yetu tumeiacha na rangi mbili juu ya paukwa, na kando yake kila mmoja ameandika sababu yake.