Mwili siyo nyumba ya kupanga

Kuna sentensi moja imeenea sana siku hizi, utaikuta kwenye mahubiri, kwenye redio za dini, kwenye status za watu WhatsApp: "wewe ni roho, unayo nafsi, unakaa ndani ya mwili". Yaani mwili ni nyumba tu ya kupanga, mwenyewe halisi yuko huko ndani, siku mkataba ukiisha anafungasha anaondoka zake. Watu wanaipenda kwa sababu inafariji, hasa msibani, na mimi na faraja ya mfiwa sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza pale inapotoka msibani ikaingia jikoni, wodini na kitandani, maana ukishaamini kwamba mwili ni kibanda basi kila kinachokupata utaenda kukitafuta kwa mpangaji, kibanda kinawaka moto nyie mmesimama nje mnamkemea mpangaji.

Chukua degedege. Kule Bagamoyo na vijiji vingi vya pwani wazee walikuwa wanatenganisha kabisa malaria na degedege. Malaria ni homa, hiyo ni ya hospitali. Degedege hapana, hilo ni shetani, wengine wanakwambia ni ndege anayepita usiku, mtoto anakakamaa, macho yanageuka, povu linatoka, na ole wako umpeleke akachomwe sindano maana eti sindano ndo inammaliza. Kwa hiyo kwanza anafukizwa, kuna wanaotumia mavi ya tembo, halafu akitulia ndo mnafikiria zahanati. Na wakati moshi unapanda, kwenye damu ya yule mtoto kuna vimelea vya malaria, seli zilizoambukizwa zinanasa kwenye vimishipa vidogo vya ubongo, na saa zinakwenda. Sasa sitaki kumcheka yule mama. Aliyewahi kumshika mtoto mwenye degedege anajua, sura unayoiona pale siyo ya mwanao, kama kuna mtu mwingine kaivaa. Macho yake hayakumdanganya, mwanae kweli "hayupo". Shida ni kwamba alishafundishwa kwamba mtu akiondoka namna ile basi kaondoka kiroho, wazo la kwamba ubongo ukibanwa na yeye mwenyewe anabanwa hakuna aliyempa.

Mahenge ndo inanishangaza zaidi, Mahenge ya Ulanga huko Morogoro. Kuna daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika huko akakuta kifafa kimejaa vijijini na wagonjwa wanafichwa, watu wanaogopa mate na povu kwamba yanaambukiza, mtu anaangukia motoni wenzake wanasita kumgusa, ndo maana wagonjwa wengi walikuwa na makovu ya kuungua. Mwaka 1960 akaanzisha kliniki ya kifafa palepale, dawa yenyewe fenobabitali, kidonge cha bei ndogo tu. Kidonge hakisomi dua wala hakimkemei mtu, kinatuliza umeme wa ubongo basi, na watu waliokuwa wanaitwa wenye pepo wakarudi kulima na kukaa na wenzao. Akawaona pia watoto wanaosinzia kichwa, kichwa kinadondoka mbele chenyewe hasa chakula kikiletwa, ugonjwa ambao baadaye ukaja kusikika sana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Na tafiti za miaka ya karibuni zinauhusisha mzigo wote huu na usubi, minyoo inayoenezwa na vile viinzi vyeusi vya kwenye mito inayokwenda kasi. Hebu fikiria, ukoo mzima unasemwa una laana, kumbe wanakaa karibu na mto.

Na kwa anayetumia dawa hizo, ombewa, somewa, kunywa maji ya baraka, sina neno, ila kidonge usikikatishe ghafla kwa sababu mtu kakutangazia umepona, kifafa kikirudi baada ya kukatisha dawa hivyo kinaweza kuja mfululizo bila kukuachia nafasi ya kuzinduka, na hapo watu wanakufa kweli.

Mtu atasema lakini maandiko ndo yanasema hivyo. Yanasema? Mwanzo 2:7, mtu anafinyangwa kwa mavumbi, anapuliziwa pumzi, "mtu akawa nafsi hai". Hakuna sehemu pale roho inatafutiwa chumba, mavumbi na pumzi vikikutana ndo mtu anakuwa mtu. Upande wa mama yangu ni Waislamu wa Kilwa na kwao naona kitu hichohicho, ibada nzima inapita mwilini, udhu, kusujudu, kufunga, na maiti anaoshwa taratibu kwa heshima kama anayehisi, kisha ukiuliza habari ya roho Qurani yenyewe inakujibu kwa ufupi kwamba hiyo ni katika mambo ya Mola na mmepewa elimu kidogo tu. Kidogo tu! Ila mtaani watu wana mchoro kamili wa roho na vyumba vyake.

Halafu wako wenzetu wa upande wa pili, hawa wengi wametoka chuo juzijuzi, wanakwambia hamna cha roho, mtu ni kemikali na umeme. Kiukweli wana hoja nzito kuliko wengi wanavyotaka kukubali. Nenda dukani chukua pakiti ya chumvi, soma, imeandikwa "chumvi yenye madini joto". Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 150 za hayo madini joto kwa siku, mama mjamzito kama 250, kiasi ambacho huwezi hata kukiona kwa macho, na akikikosa vibaya mtoto anaweza kuzaliwa akili imedumaa maisha yake yote. Nyanda za juu kusini rovu lilikuwa kitu cha kawaida shingoni mwa watu kabla ya hiyo chumvi kusambazwa. Sasa niambie, wepesi wa akili ya mtu, ucheshi wake, anavyojibu shuleni, yale yote tunayoita "huyu ndo yeye", yamesubiri punje za chumvi tumboni mwa mama yake. Mpangaji gani huyo anayedumaa kwa sababu ukuta umekosa chokaa? Swali hili wala siyo jipya, mwaka 1643 binti wa kifalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia mwanafalsafa Descartes, aliyefundisha kwamba roho na mwili ni vitu viwili tofauti, akamuuliza kwa adabu kabisa, hiyo roho isiyo na umbo inausukumaje mwili wenye umbo? Descartes akazunguka weee, na baadaye akaweka matumaini kwenye kitezi kimoja katikati ya ubongo. Binti yule hakuridhika na majibu, na mimi niko upande wake.

Lakini "kemikali tu" nayo inanikwama kooni, na kilichonikwamisha ni kesi ya S.M. Otieno. Wakenya wa rika fulani wanaijua kama wimbo. Wakili mkubwa wa kesi za jinai Nairobi, Mjaluo, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu, akataka amzike shambani kwao Upper Matasia, Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema haiwezekani, Mjaluo anarudi nyumbani, azikwe Nyalgunga, Siaya. Wakaenda mahakamani, wakakata rufaa, na muda wote huo marehemu yuko mochwari, zaidi ya siku 150. Mashahidi wakapanda kizimbani kueleza mizimu inavyosumbua waliobaki kama mtu amezikwa pasipo pake, hadi profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Odera Oruka, akaitwa kutoa ushahidi. Upande wa mjane wao wakasema huyu alikuwa mtu wa kisasa, msomi, maisha yake yalikuwa Nairobi. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, Wambui hakwenda.

Nimeisoma hii kesi mara nyingi na kila mara naona kitu kilekile, hakuna mtu hata mmoja pale aliyeuchukulia ule mwili kama kibanda kitupu. Wa mizimu hawakusema roho imeshaenda acheni udongo ulale popote, walitaka mwili, ule ule, kwenye udongo ule. Na wa kisasa nao hawakusema jamani hizo ni protini tu chukueni, walipigana miezi mitano kwa ajili ya mwili huohuo. Kwa kemikali hesabu yake ni rahisi, kilichokuwa mochwari Januari na kilichokuwa pale Mei ni maada tu, hakidai chochote kwa mtu. Mahakama mbili zilikaa kwa sababu kilikuwa kinadai. Alikuwa mume wa mtu, baba wa watoto, mtoto wa ukoo, na hayo yote yalikuwa yamemganda mwilini hayatoki kwa kusema tu roho imepaa wala kwa kusema hakukuwa na roho.

Kuna na mtazamo wa tatu ambao hauhubiriwi popote ila ndo unaoongoza, wa vitu. Mtu ni alichonacho. William James, msomi wa saikolojia wa Marekani, mwaka 1890 aliigawa nafsi ya mtu na lile fungu la vitu akalianza na mwili, kisha nguo, kisha familia, kisha nyumba. Nguo kabla ya familia, mtu anaweza kucheka, lakini tembea Kariakoo uone anavyohudumiwa aliyevaa suti na aliyevaa kandambili. Hapa sitasema mengi ila kitu kimoja, waliokopa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kukamua, wanajua. Wale jamaa wakija kubeba, wanabeba tivii, godoro, na jiko la gesi sufuria ikiwa bado ya moto, mama anabaki kasimama mlangoni kajifunika kanga kama aliyevuliwa nguo hadharani. Nani atamwambia mama yule kwamba yeye ni roho hivyo hajapoteza kitu? Kuna mtu aliwahi kumwambia, nilikuwepo, na hakujibiwa.

Ila kama kuna kitu kimoja kilichonimaliza kabisa hii habari ya mpangaji ni vidole vya bibi yangu, mzaa mama. Miaka yake ya mwisho alisahau kila kitu. Mimi alikuwa ananiita kwa jina la mjomba ambaye alishafariki, anauliza saa ile ile mara kumi kama chai imeshanywewa, hajui mwaka wala hajui yuko kwa nani. Lakini ukimpa ukindu anasuka ukili. Vidole vinakwenda vyenyewe, chane ikiisha anaingiza nyingine bila kuangalia, ya zambarau inaangukia pale pa zambarau, akikosea anafumua anarudia huku ananisimulia habari za watu nisiowajua. Ukimuuliza umejifunza wapi kusuka anakwambia yeye hajui kusuka! Kuna mmarekani, Henry Molaison, mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa akatoka hapo hawezi kuweka kumbukumbu mpya, wakawa wanampa kazi ya kuchora nyota akiiangalia kwenye kioo, kila siku anasema hajawahi kuiona kazi hiyo, na kila siku mkono unachora vizuri kuliko jana. Kwa hiyo bibi alikuwa wapi? Kama yeye halisi ni wa ndani, wa ndani alishapotea. Ila sisi tuliokaa naye ukumbini tulijua kabisa bibi yupo, yupo pale kwenye vidole, na wifi zake walikuwa wanaitambua mikeka yake bila kuambiwa nani kasuka.

Hii inanirudisha kwa watu wenye sonona, maana wao ndo wanaumia na sentensi ile kuliko wote. Mtu halali, hali, anaamka saa tisa usiku anaangalia dari, akisema anaambiwa ana roho ya kukataliwa, afunge siku tatu. Afunge! Mtu ambaye wiki nzima hajala. Wale wa kemikali nao wanamwandikia vidonge dakika nne wanamwita mwingine, bila kumuuliza nani amefariki au anadaiwa na nani. Wote wawili wameshika kipande, na mimi kama ningelazimishwa kuchagua ningempeleka kwanza kwa mwenye vidonge, kwa sababu akishalala usiku mmoja mzima hata sala inapanda.

Najua nitaambiwa naikana imani, kwamba kama mwili ndo mtu basi mtu akifa kwisha. Sijasema hivyo. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na tangu hapo nimesikia watu wazima kabisa wakibishana kama aliyetoa figo atafufuliwa na moja au mbili, na wanaobishana ni walewale wa "mwili ni nyumba tu", sasa kama ni nyumba tu figo inawahusu nini? Mimi ni Mkatoliki, Kanuni ya Imani naisali kwa mdomo wangu na pale hamna maneno "uhuru wa roho kutoka kwenye mwili", tunatamka maondoleo ya dhambi, ufufuko wa miili, uzima wa milele, kwa mpangilio huo. Anayetaka kubishana na mimi aanzie hapo kwenye neno la katikati, na kabla hajaanza aniambie dawa za presha leo amekunywa au hajanywa.