Sampo ni Bakuli Tu

Jamani, sampo ni nini? Si bakuli tu la bati lililofungwa chini ya injini, oili ipate pa kukaa? Haizunguki, haina waya, haiwaki. Bakuli! Basi bakuli hilo ndilo limenitembeza kwa miguu mwezi mzima, Gungu mpaka Ujiji huku Kigoma, watu njiani wananipa pole kama nimefiwa.

Gari langu ni Land Rover 109, Series III, zile zilizoacha kutengenezwa mwaka 1985. Nimelirithi kwa marehemu mzee pamoja na madeni yake. Siku hiyo natoka Ilagala na madumu ya mawese. Katikati ya njia limekaa jiwe, limetulia kama mwenyekiti wa mtaa. Nikajisemea hili nalipitisha katikati ya matairi. Kwaa! Nikaendelea na safari zangu. Mara utingo anapiga bodi: "Mzee simama, kunamwagika!" Nikashuka na ukali wangu wote. Si nilikwambia ufunge vifuniko? Unajua dumu moja bei gani wewe? Kijana wa watu akachuchumaa, akachovya kidole, akaninyooshea.

"Mzee, mawese gani meusi?"

Nikazima injini palepale. Ndilo jambo pekee la akili nililofanya mwezi huu, maana taa ya oili ikiwaka ukasema ngoja nifike pale mbele tu, injini inanoki, na hapo hutafuti tena sampo, unatafuta mnunuzi wa vyuma chakavu. Tukaziba kwa sabuni ya mche. Sabuni kwenye tangi la petroli inashika, hilo nakubali. Lakini oili ikishapata moto, sabuni inalainika, inakuaga. Tulisimama kuongeza oili mara nne. Injini inayokaa lita sita na ushei, siku hiyo ilikunywa kama ngamia, na nyuma yetu mstari mweusi barabarani, mtoto mdogo angetufuata mpaka nyumbani.

Fundi wa kuchomelea akasema kazi ndogo. Hakuiosha. Alipogusisha moto, oili iliyoganda ndani ikatoa moshi hadi mama muuza migebuka akahamisha meza yake. Ikaoshwa, ikapigwa kiraka, nikatoa na hela. Kumbe fundi wangu wa injini ana wasiwasi kuliko mama mkwe. Akapaka chaki upande wa nje, akamimina mafuta ya taa ndani, akaniambia tusubiri. Tukakaa tunaitazama ile chaki kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi. Baada ya muda vikatokea vidoti vitatu, vimelowa.

"Inavuja."

"Si mafuta ya taa hayo? Ni membamba. Oili haiwezi kupita hapo."

"Oili ikichemka nayo inakuwa nyembamba, mzee."

Nimeshindwa kesi na kipande cha chaki.

Kutafuta nyingine sasa. Duka la kwanza kijana akaniletea sampo ya Tdi, zile Land Rover za dizeli zilizokuja baadaye, inang'aa kweli, matundu ya bolti hayakubaliani hata kidogo. Eti, "Si zote Land Rover?" Nikamwambia mwanangu, wewe na jirani yako wote binadamu, mbona suruali yake haikukai? Ikabidi niagize Gerezani, Dar, ije kwa basi. Ikaja. Wameilalia na gunia la vitunguu, mdomo umepinda!

Na kijiweni kwenye kahawa nako sina raha. Mzee mmoja kila nikikaa ananikumbusha meli yetu ya ziwani, Liemba: Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, injini wameipaka grisi, Waingereza wakaja kuiibua 1924, injini ikakutwa inafaa. "Meli imelala majini miaka minane, bwana, wewe kijiwe kimoja tu?" Nikamwambia shikamoo babu, lakini Liemba haijawahi kupita njia ya Ilagala.

Fundi akaulaza ule mdomo juu ya ubao, akaunyoosha kwa nyundo ndogo, taratibu, ka, ka, ka, huku anachungulia kwa jicho moja. Gasketi mpya, kile kizibo cha kati ya sampo na injini. Silikoni akapitisha uzi mwembamba, mimi namwambia jaza bwana, nimeilipia yote. Akagoma. Inayobanwa kuingia ndani ikikatika, inakwenda kuziba chujio la pampu, injini inakufa kiu na huku imekalia oili. Hapo nikaelewa upesi, ndio sisi wa Kigoma hao, ziwa lile pale na bomba limekauka. Nikachukua spana angalau nimsaidie kukaza. Nayo akaninyang'anya! "Acha ubabe mzee. Ukikaza sana mdomo unapinda upya." Gari langu, sampo yangu, hela yangu, na nimekatazwa kugusa.

Nyumbani nako, Mama Zubeda yeye habari za gasketi hazijui. Anachodai ni karai lake la maandazi, ambalo lilikinga oili chini ya gari wiki tatu. Nimelisugua kwa majivu, nimelisugua kwa sabuni, ile ile ya mche, na kila andazi bado linanukia gereji. Amesusa kupika, tunakunywa chai kavu.

Juzi sampo mpya imefungwa. Asubuhi nimeingia uvunguni na tochi, pakavu. Ile ya kiraka mwenye karai ameichukua kufidia, ameiweka uani, ameijaza maji, kuku wanakunywa. Leo siku ya tatu. Nimeinama mara nne kuangalia chini yake.

Hata tone.